Anga la Mara na Umbo la Maada ya Giza

Ziwa Victoria, kutoka Musoma hadi Kisumu na Entebbe, lina ujazo unaozidi kilomita za ujazo 2,400. Wanafizikia wakikadiria maada ya giza iliyomo katika nafasi hiyo yote kwa wakati mmoja, wanapata kama sehemu moja ya milioni ya gramu, pengine mbili. Punje ya chumvi ya mezani ni nzito kuliko hiyo mara nyingi. Hata nafasi yote inayojazwa na Dunia, kuanzia udongo wa Tarime hadi kitovu cha sayari na kutokea upande wa pili, ina takriban nusu kilo tu ya kitu hicho, au zaidi kidogo.

Na kitu hicho kilichotawanyika hivyo ndicho kinachoizuia galaksi yetu isisambaratike.

Siri iko katika ukubwa wa nafasi. Diski ya nyota ya Njia Nyeupe ina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi. Maada ya giza imeizingira pande zote, juu na chini, katika wingu kubwa ambalo wanaastronomia huliita halo, na wingu hilo linafika miaka ya nuru 700,000 au zaidi kutoka kitovuni. Ukijumlisha kidogo kidogo hicho katika nafasi yote hiyo, unapata uzito wa karibu majua trilioni moja. Nyota zote tunazoziona, pamoja na gesi na vumbi lililo kati yake, ni sehemu ndogo tu ya uzito huo. Katika ulimwengu kwa ujumla, maada ya giza inaizidi maada ya kawaida kwa zaidi ya mara tano.

Hakuna aliyewahi kunasa hata chembe moja ya maada hiyo. Haitoi mwanga, haiuzuii, wala haiurudishi. Inajulikana kwa mvutano wake tu. Lakini mvutano unasema mengi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu tabia za chembe zenyewe huamua halo itakuwaje. Zilikuwa zikienda kwa kasi gani ulimwengu ulipokuwa mchanga? Zinagongana zenyewe kwa zenyewe au zinapitana tu? Majibu ya maswali hayo yamechorwa katika msongamano wa kitovu cha halo, katika uduara wake, na katika idadi ya halo ndogo zinazoelea ndani yake. Atakayelisoma umbo hilo vizuri atajua maada ya giza ni kitu gani, hata kama hajawahi kuigusa. Na sehemu kubwa ya ushahidi huo iko katika anga la kusini, ambalo wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanalo juu ya vichwa vyao kila usiku mawingu yanapopisha.

Wilaya hizi ziko nyuzi 1 hadi 2 na ushei kusini mwa ikweta, na hiyo ni bahati kubwa kwa mtazama nyota. Desemba, usiku usio na mwezi, kama saa 3, mtu aliye mbali na taa za mji wa Mugumu, tuseme upande wa Robanda na Fort Ikoma, akitazama kaskazini ataona doa hafifu lenye ukungu: hiyo ni Andromeda, galaksi iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Akigeuka kusini, chini kidogo na kulia kwa nyota ya Suheli, atakuta baka jeupe, na mbele yake baka jingine dogo. Hayo ni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zinazosafiri ndani ya halo yetu, moja umbali wa miaka ya nuru 160,000 na nyingine 200,000. Mkazi wa London hayaoni Mawingu ya Magellan akiwa kwao maisha yake yote. Wa Cape Town huiona Andromeda ikiwa imelala karibu na upeo wa macho. Mtu wa Serengeti anazipata zote katika usiku mmoja, kwa macho matupu.

Andromeda ndiyo iliyofungua macho ya wengi. Mwaka 1970, Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya kasi ya mawingu ya gesi yanayoizunguka galaksi hiyo. Katika mfumo wetu wa Jua, sayari ya mbali huenda polepole kuliko ya karibu, kwa kuwa karibu uzito wote uko katikati. Mtu angetarajia hali hiyo hiyo kwa Andromeda. Haikuwa hivyo. Kadiri Rubin na Ford walivyotoka nje ya kitovu chenye mwanga, kasi haikushuka kama ilivyopaswa. Vipimo vya gesi ya haidrojeni vilivyofuata katika miaka ya 1970, vikiwemo vya Albert Bosma kutoka Uholanzi, vilionyesha jambo hilo hilo katika galaksi nyingi, mbali kabisa na mahali nyota zinapoishia. Jua letu nalo huzunguka kitovu cha Njia Nyeupe kwa kasi ya kilomita 230 hivi kwa sekunde, na likiwa na nyota tu za kulishikilia, lingekuwa na safari tofauti.

Swali la kwanza la haki lilikuwa rahisi: je, hiyo maada haiwezi kuwa vitu vya kawaida visivyong'aa, kama nyota zilizokufa, sayari zilizopotea au mashimo meusi? Hapa ndipo Wingu Kubwa la Magellan lilipotumika kama pazia la nyuma. Kitu kizito kikipita mbele ya nyota, mvutano wake huukusanya mwanga wa nyota hiyo, nayo hung'aa zaidi kwa siku au miezi kisha ikarudi hali yake. Tangu miaka ya 1990 timu za MACHO, EROS na OGLE zimezitazama nyota za Wingu hilo, usiku baada ya usiku. Mwaka 2024 timu ya OGLE, inayoongozwa na Wapoland, ilitoa matokeo ya karibu miaka 20 ya kuzifuatilia nyota zinazokaribia milioni 80. Matukio ya aina hiyo yalikuwa machache mno. Kwa uzito wa aina nyingi, vitu vya namna hiyo haviwezi kuwa zaidi ya asilimia chache za halo. Kilichobaki ni chembe, au kitu kinachofanana na chembe.

Afrika Mashariki yenyewe ina sehemu yake katika habari hii, na inasikitisha kwamba haisimuliwi mara nyingi. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba satelaiti ya Marekani ya kwanza kabisa duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya iliadhimisha miaka saba ya uhuru, satelaiti ilipewa jina la Uhuru. Njia yake haikutoka zaidi ya nyuzi 3 kutoka ikweta, kwa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili ilikuwa ikiizunguka Dunia kila baada ya dakika 96 hivi na kukatiza anga la ukanda huu, Serengeti ikiwamo.

Miongoni mwa ilichokikuta ni kwamba makundi makubwa ya galaksi, kama lile la Coma, yamejaa kitu kinachotoa eksirei katika eneo pana. Ilikuja kufahamika kuwa ni gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi yenye joto kiasi hicho ingetakiwa iwe imekwisha kutoroka zamani. Kuna kitu kinachoishikilia, na uzito wa galaksi zinazoonekana pamoja na wa gesi yenyewe hautoshi kufanya kazi hiyo. Kundi hilo la Coma ndilo ambalo Fritz Zwicky, mwaka 1933, aliona galaksi zake zikienda kasi kuliko uzito wake unavyoruhusu. Kilichopimwa na satelaiti iliyorushwa kutoka Afrika Mashariki kilikuwa ushahidi wa pili wa dai lake, uliopatikana kwa njia tofauti kabisa.

Halo basi ipo. Imetengenezwa na nini?

Mgombea wa kwanza alitoka migodini. Watu wa Nyamongo, wilayani Tarime, wanaufahamu mgodi wa dhahabu wa North Mara, wenye shimo la wazi la Nyabirama na uchimbaji wa chini ya ardhi wa Gokona. Nyamongo haina maabara ya fizikia, lakini migodi ya dhahabu mahali pengine imewahi kuwa nayo, kwa sababu mwamba mnene huzichuja chembe za miale ya anga zinazotunyeshea muda wote na kuacha zile tu zinazopenya kila kitu. Februari 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Johannesburg, kina cha zaidi ya kilomita 3, kikundi cha Frederick Reines wa Marekani na Friedel Sellschop wa Afrika Kusini kilinasa dalili za nutrino za asili, zilizozaliwa katika angahewa. Ulikuwa ugunduzi wa mwanzo kabisa wa aina yake, na wenzao waliokuwa katika migodi ya dhahabu ya Kolar, India, waliupata mwaka huo huo.

Nutrino zipo kwa wingi usiohesabika, hazitoi mwanga, na hupita katika miili yetu bila kutugusa. Zilionekana zinafaa. Tatizo lake ni kasi. Katika ulimwengu mchanga zilikimbia karibu na kasi ya mwanga, na chembe inayokimbia hivyo haitulii mahali padogo. Popote mvutano unapoanza kukusanya rundo dogo, chembe hizo hulitoroka na rundo linafutika. Mwaka 1983 Simon White, Carlos Frenk na Marc Davis waliigiza kwa kompyuta ulimwengu uliojaa nutrino. Walichopata hakikufanana na galaksi zinazoonekana angani. Katika ulimwengu wa aina hiyo miundo mikubwa mno hutangulia, na galaksi ndogo kama Mawingu ya Magellan zingesubiri ile mikubwa ipasuke. Darubini zinaonyesha kinyume chake: vidogo vilitangulia, vikaungana. Hivyo umbo la mbingu likaiondoa nutrino mashindanoni kabla vipimo vya maabara havijafanya hivyo.

Iliyobaki ikaitwa maada ya giza baridi, yaani ya chembe zilizokuwa zikienda taratibu tangu mwanzo. Maigizo ya kompyuta ya maada hiyo yanatoa picha iliyo wazi. Halo ndogo huzaliwa kwanza, humezana, na katika kumezana huko nyingi hazifi kabisa bali hubaki zikizunguka ndani ya kubwa. Mwaka 1996 na 1997 Julio Navarro, Carlos Frenk na Simon White walionyesha kwamba halo zote, ndogo kwa kubwa, hufuata kanuni moja: ukitoka nje kuelekea ndani msongamano hupanda, na haukomi kupanda mpaka kitovuni, ukatengeneza kilele chenye ncha.

Kanuni hiyo ilifaulu kwa galaksi nyingi. Ikakwama kwa zile ndogo.

Galaksi kibete mbili zilizoleta mzozo mkubwa ni Fornax na Sculptor. Harlow Shapley alizitangaza mwaka 1938, kutokana na picha zilizopigwa katika kituo cha Boyden, Bloemfontein, Afrika Kusini. Hazionekani kwa macho, ila Desemba hiyo hiyo saa 3 usiku Fornax, iliyo umbali wa miaka ya nuru 460,000 hivi, huwa juu kabisa upande wa kusini wa anga la Mugumu. Ina vishada kadhaa vya nyota vya mviringo vinavyoizunguka. Ikiwa halo yake ina kilele chenye ncha, mvutano wa maada inayovizunguka ungekuwa umekwisha kuvipunguza mwendo vishada hivyo na kuvizamisha kitovuni, maana vina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10. Bado vinaelea. Mwaka 2011 Matthew Walker na Jorge Peñarrubia walipima kasi za nyota za Fornax na Sculptor na kukuta kwamba katikati ya halo zao panaonekana kuwa na uwanda, msongamano wake ukiwa karibu sawa, badala ya ncha.

Maelezo mawili yanashindana hapa.

La kwanza linagusa tabia ya chembe moja kwa moja. Mwaka 2000 David Spergel na Paul Steinhardt walipendekeza kwamba huenda chembe za maada ya giza zinagongana zenyewe kwa zenyewe, mara chache lakini vya kutosha. Mtu aliyewahi kufika mnada wa ng'ombe anajua jinsi mmoja akisukumwa pembeni msukumo unavyofika hadi kwa wale walio katikati, nao wakatawanyika. Katika halo, chembe zinazotoka nje kidogo ya kitovu huwa na kasi kuliko zile zilizolala katikati kabisa. Zikigongana, nguvu huhamia ndani, za katikati huchangamka na kutoka, na ncha hulainika ikawa uwanda. Migongano hiyo pia huifanya halo iwe duara zaidi, kwa kuwa hufuta mwelekeo wowote ambao ilirithi wakati wa kuzaliwa. Ikiendelea muda mrefu mno, mambo hugeuka: nguvu huanza kutoka kitovuni kwenda nje, na kitovu huporomoka kikawa kizito kupita kiasi.

Wazo hilo lina mpaka wake. Mwaka 2006 uchunguzi wa makundi mawili ya galaksi yaliyopitana kwa kishindo, yanayojulikana kwa jina la Bullet Cluster, ulionyesha gesi ya moto imekwama katikati huku maada ya giza ikiwa imepita upande wa pili pamoja na galaksi. Kwa hiyo katika kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde chembe hizo karibu hazigusani. Katika galaksi kibete, ambamo kasi ni ya makumi tu ya kilomita, huenda zinagusana zaidi. Watafiti wengi wa mkondo huu leo wanachunguza migongano inayotegemea kasi, na hilo ni jambo la busara, kwa kuwa fizikia ya kawaida ina mifano mingi ya chembe zenye tabia hiyo.

Maelezo ya pili hayaigusi maada ya giza kabisa. Nyota kubwa zikilipuka, husukuma gesi nje ya kitovu cha galaksi ndogo. Gesi hurudi, nyota nyingine huzaliwa, nyingine hulipuka. Kila gesi inapotoka mvutano wa katikati hupungua ghafla, na maada ya giza hujitanua kidogo. Ikirudiwa mara nyingi, ncha inakwisha. Hili linaweza kupimwa. Fornax iliendelea kuzaa nyota hadi nyakati za karibu kwa vipimo vya anga, na ina uwanda. Draco, galaksi kibete ya anga la kaskazini, iliacha kuzaa nyota karibu miaka bilioni 10 iliyopita, na vipimo vya Justin Read na wenzake vya mwaka 2018 na 2019 vinaonyesha ncha yake bado ipo. Ni ushahidi mzito kwa upande wa milipuko. Hata hivyo haujafunga mlango, kwa sababu kasi za nyota hizo hupimwa zaidi kwa mwelekeo mmoja, ule wa kuja kwetu au kwenda mbali nasi, na kosa dogo katika hesabu huweza kuibadili ncha ikaonekana uwanda.

Tabia nyingine inatafutwa katika idadi. Maada baridi inatabiri halo ndogo maelfu kwa maelfu ndani ya halo yetu. Ikiwa chembe zilikuwa na uvuguvugu wa kadiri, si mbio za nutrino wala ubaridi kamili, basi halo zilizo chini ya uzito fulani hazikuzaliwa. Ikiwa chembe ni nyepesi kupindukia, kiasi kwamba zinatenda kama mawimbi yenye urefu wa maelfu ya miaka ya nuru, basi ndogo hizo nazo hazipo, na kitovu cha kila halo kina uvimbe laini wa wimbi. Mwaka 1999 timu mbili zilionyesha kwamba utabiri wa maada baridi ulikuwa mamia ya galaksi kibete huku zinazojulikana zikiwa kama dazani moja. Leo zinazojulikana ni 60 hivi, na inaeleweka kwamba halo nyingi ndogo hazikuweza kushika gesi ya kutosha kuzaa nyota. Zipo, lakini ni giza tupu.

Zinatafutwaje basi? Kwa makovu zinayoyaacha. Satelaiti ya Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, imepima mahali na mwendo wa nyota karibu bilioni 2. Katika takwimu zake mwaka 2018 Adrian Price-Whelan na Ana Bonaca walikuta kwamba kijito chembamba cha nyota kiitwacho GD-1 kina mapengo na tawi lililochomoza pembeni, dalili kwamba kitu kizito kisichoonekana kilipita karibu nacho. Takwimu za Gaia hutolewa bure. Mwanafunzi wa Tarime mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua zile zile wanazotumia watafiti wa Harvard, na ni jambo la kuhimizwa katika shule na vyuo vyetu kwa nguvu zote.

Wingu Kubwa la Magellan nalo halikumaliza kazi yake kama pazia. Lina halo yake, yenye uzito unaokadiriwa kuwa kati ya asilimia 10 na 20 ya Njia Nyeupe, na linapita ndani ya halo yetu kwa kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa sekunde, pengine kwa mara ya kwanza. Linaivuta diski yetu na kuitikisa halo yote. Mwaka 2021 Charlie Conroy na wenzake walitangaza kwamba wameziona nyayo zake: nyota za mbali zimerundikana nyuma ya njia iliyopita galaksi hiyo, kama hesabu za maada ya giza zilivyotabiri. Nguvu na umbo la nyayo hizo hutegemea chembe zinavyoitikia mvutano, kwa hiyo kuzipima kwa usahihi ni kuipima maada yenyewe.

Chini ya ardhi, utafutaji wa moja kwa moja unaendelea. Katika mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake, Dakota Kusini, Marekani, kina cha karibu kilomita 1.5, kifaa cha LZ kinangojea tani 7 za zenoni ya kimiminika ziguswe na chembe moja. Nchini Australia, mgodi wa dhahabu wa Stawell una maabara yake kwenye kina cha kilomita 1. Mpaka sasa LZ haijanasa chembe ya maada ya giza, na kila tokeo la namna hiyo linaongeza uzito wa ushahidi wa angani.

Juni 2025 kituo cha Vera C. Rubin, juu ya mlima Cerro Pachón nchini Chile, kilitoa picha zake za kwanza. Kioo chake kina upana wa mita 8.4, na kimepangiwa kulipiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka 10: Mawingu ya Magellan, Fornax, Sculptor, na galaksi kibete hafifu ambazo hazijaonekana bado. Idadi yake ikikoma ghafla chini ya uzito fulani, maada vuguvugu na ile ya mawimbi zitapata nguvu. Ikiendelea kupanda kuelekea kwenye zile ndogo kabisa, kama maada baridi inavyodai, mawazo hayo mawili yatabaki na nafasi finyu mno, na mzozo utahamia wote kwenye vitovu vya halo.